Akiba ya Tumbaku na Akiba ya Mahindi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Je, msomaji, neno hilo ni kweli kwa kila kitu kiwekwacho? Tazama mimea miwili iliyofika katika nchi zilizo chini ya Mlima Elgon, yaani Kitale upande wa mashariki na Bungoma upande wa kusini. Mimea hiyo ni tumbaku na mahindi. Yote miwili asili yake ni Amerika, na ililetwa Afrika baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492.

Tumbaku ilipoenea Afrika ya Mashariki, wazee wengine waliivuta katika kiko, wengine waliinusa kama ugoro. Kuihifadhi nyumbani kulihitaji ustadi. Majani yalikaushwa hata yakageuka rangi ya kahawia, kisha yakasokotwa na kufungwa imara. Ugoro ulitiwa katika pembe au kibuyu kidogo chenye kizibo. Unyevu ukizidi, tumbaku huota ukungu. Ukipungua mno, huwa vumbi. Lakini iliyofungwa vema huendelea kuiva polepole: ukali hupungua, na harufu hupendeza zaidi. Ndiyo sababu wavutao kiko, na makampuni ya sigara kadhalika, huiweka mwaka mmoja, miwili, au hata zaidi.

Mahindi hayana bahati hiyo. Unyevu wake ukizidi asilimia 13.5, ghala huweza kuingiwa na ukungu wenye sumu. Na hata yakiwa makavu, fukusi huyatoboa. Kitu kinacholisha watu huharibika upesi, na kisicholisha hupata ladha kwa kukaa!

Sasa tuone historia ilivyoitenga mimea hii. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahindi yakapata njia ya kwenda sokoni. Mwaka 1956 kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa huko huko Kitale, na mwaka 1964 mahindi chotara yakaanza kutolewa kwa wakulima. Upande wa Bungoma, katika miaka ya 1970, kampuni ya British American Tobacco iliwapa wakulima mbegu na mbolea kwa mkopo, na Malakisi pakawa kituo chake. Tangu hapo tumbaku hiyo haikuwa akiba ya nyumbani tena. Mkulima aliikausha kwa kuni nyingi, miti ikapungua, naye akauza kwa bei asiyoipanga mwenyewe, huku deni likikatwa kwanza. Tumbaku iliivia katika ghala la mwingine, na faida ya kungoja ikawa ya mwenye ghala.

Isitoshe, mwaka 1950 Richard Doll na Bradford Hill wa Uingereza walionyesha jinsi uvutaji wa sigara unavyohusiana na saratani ya mapafu. Kenya nayo ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007.

Basi, msomaji, usipime akiba kwa muda inaokaa tu. Uliza maswali mawili: ufunguo wa ghala anao nani, na siku ya njaa itamfaa nani? Mwaka 1984 ukame ulipoikumba Kenya, gunia la mahindi lililotunzwa vema liliokoa nyumba. Tumbaku, hata iwe imeiva namna gani, haipikiki.