Kutoka Palermo hadi Jangwa la Nubia: historia ya kufuatilia njia za asteroidi

Asteroidi ikitazamwa kwa darubini huonekana kama nukta ya nuru isiyotofautiana na nyota. Kinachoitambulisha ni mwendo: usiku huu iko karibu na nyota fulani, usiku wa pili imesogea. Kila inapotazamwa hutoa vipimo viwili tu vya pembe, kimoja cha mashariki na magharibi, kingine cha kaskazini na kusini, pamoja na saa ya kipimo chenyewe. Umbali wake hauonekani. Tena mtazamaji naye amesimama juu ya Dunia inayolizunguka Jua kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa sekunde, hivyo sehemu ya mwendo anaouona ni mwendo wake mwenyewe. Ili kujua asteroidi itakuwa wapi mwakani, zinahitajika namba sita: ukubwa wa duaradufu inayoifuata, jinsi duaradufu hiyo ilivyobonyea, ilivyoinama, namba mbili za upande ilikoelekea, na mahali asteroidi ilipokuwa siku maalumu. Kwa kuwa kila kipimo hutoa namba mbili, vipimo vitatu vingetosha, lakini kuzifumbua namba hizo sita kuliwashinda wataalamu wengi.

Ugumu huo ulidhihirika mwaka 1801. Usiku wa tarehe 1 Januari, padri Giuseppe Piazzi, mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Palermo, Sicily, alikuwa katika kazi yake ya miaka mingi ya kuandaa orodha ya nyota. Alitumia duara kubwa la kupimia pembe lililoundwa London na fundi Jesse Ramsden, mojawapo ya vyombo bora vya zama hizo. Desturi yake ilikuwa kuipima kila nyota katika usiku kadhaa tofauti, na uvumilivu huo ndio uliozaa ugunduzi: nukta moja hafifu katika kundi la Ng'ombe haikuwa pale alipoiacha. Piazzi alitangaza kwamba ameona kometi, ingawa alimwandikia rafiki yake Barnaba Oriani wa Milano kwamba kwa kukosa ukungu na kwa mwendo wake wa taratibu, huenda kikawa kitu bora kuliko kometi.

Alikifuatilia hadi tarehe 11 Februari, kisha maradhi yakamzuia. Barua zake zilichelewa, na zilipofika Berlin na Milano, mwezi Machi na Aprili, nukta ile ilikuwa imesogelea mng'ao wa Jua na haikuonekana tena. Wataalamu wa Ujerumani walisikitika sana. Mpangilio wa umbali wa sayari ulikuwa umewafanya waamini kwamba kuna sayari isiyojulikana kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka 1800, Franz Xaver von Zach na wenzake walikwisha kugawana anga ili waitafute, na Piazzi mwenyewe alikuwa katika orodha ya watakaoalikwa. Aliipata kabla mwaliko haujamfikia, na sasa ilikuwa imepotea.

Kilichobaki ni vipimo vya siku 41, ambamo nukta ilikuwa imesogea nyuzi 3 tu angani. Kwa asteroidi inayochukua miaka 4.6 kulizunguka Jua, hicho ni kipande kifupi mno cha safari. Wakokotoaji waliojaribu kwanza walidhani njia yake ni duara kamili, au walikisia umbali wake, kisha wakaendelea kutoka hapo. Makisio yao yalitofautiana kwa nyuzi nyingi, na darubini zilizoelekezwa huko hazikuona kitu.

Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24 aliyeishi Braunschweig, alivisoma vipimo hivyo baada ya von Zach kuvichapisha katika jarida lake. Hakuanza na dhana yoyote kuhusu umbo la njia. Aliegemea kanuni za Kepler za mwendo wa sayari pekee, akateua vipimo vitatu, akatafuta umbali ambao ungeviridhisha vyote, kisha akasahihisha jibu hatua kwa hatua. Mahali alipopataja palikuwa mbali na pale walipopendekeza wengine. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1801 von Zach aliithibitisha nukta hiyo karibu na hapo, na usiku uliofuata Heinrich Olbers akaiona Bremen. Ceres, jina alilolitoa Piazzi, ikawa imepatikana kwa hesabu, mwaka mmoja kamili tangu ionekane mara ya kwanza. Ni haki kumtukuza Gauss, lakini bila pembe sahihi za Piazzi kusingekuwa na cha kukokotoa.

Gauss alichapisha njia yake mwaka 1809. Humo alieleza pia jinsi ya kulinganisha vipimo vingi vyenye makosa madogomadogo ili kupata jibu linaloyapunguza makosa hayo kwa jumla, kanuni ambayo Adrien-Marie Legendre alikuwa ameitangaza mwaka 1805. Mpaka leo kanuni hiyo ni nguzo ya kazi hii.

Idadi iliongezeka upesi baada ya mwaka 1891, Max Wolf alipoanza kugundua asteroidi kwa picha huko Heidelberg. Kamera ilifuatishwa mwendo wa nyota. Nyota zikatokea kama nukta, asteroidi ikaacha mstari mfupi. Kugundua kukawa rahisi kuliko kukokotoa. Asteroidi Albert, iliyoonekana Vienna mwaka 1911, ilipotea hadi mwaka 2000. Ili kuweka utaratibu, mwaka 1947 kulianzishwa huko Cincinnati, Marekani, kituo cha kimataifa cha kukusanya vipimo vyote. Tangu 1978 kiko Cambridge, Massachusetts.

Njia iliyokwisha kujulikana nayo ilileta faida nyingine. Eros, iliyogunduliwa mwaka 1898, huikaribia Dunia. Ilipopita karibu mwaka 1930 na 1931, vituo vya nchi nyingi viliipima kwa pamoja, na Harold Spencer Jones, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, aliviunganisha vipimo hivyo ili kupata umbali wa Dunia na Jua. Jibu lake la mwaka 1941 lilikaribia sana lile la leo la kilomita milioni 149.6.

Tarehe 6 Oktoba 2008, mtazamaji Richard Kowalski, akiwa Arizona, Marekani, aliona angani jiwe la mita 4 hivi, likaitwa 2008 TC3. Ndani ya saa chache hesabu zilionyesha kwamba litaingia angahewa juu ya kaskazini mwa Sudan. Lililipuka huko alfajiri ya tarehe 7, saa zipatazo 20 baada ya kuonekana. Ilikuwa mara ya kwanza asteroidi kugunduliwa kabla ya kuigonga Dunia. Mnamo Desemba, Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mtaalamu wa vimondo Peter Jenniskens waliwaongoza wanafunzi kupekua Jangwa la Nubia kwa kufuata mstari uliokokotolewa, na vimondo vikaokotwa.

Apophis, yenye upana wa mita 340 hivi, ilidai subira zaidi. Iligunduliwa Juni 2004, na Desemba mwaka huo uwezekano wa kuigonga Dunia tarehe 13 Aprili 2029 ulifikia asilimia 2.7. Kisha ikagundulika katika picha za Machi 2004. Urefu wa ufuatiliaji ukaongezeka na hatari ya 2029 ikafutika. Vipimo vya rada vya Machi 2021 viliondoa hatari kwa miaka 100. Siku hiyo ya 2029 itapita takriban kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, na itaonekana kwa macho matupu Afrika, anga likiwa safi. Mvuto wa Dunia utaipanua njia yake, mzunguko wa chini ya mwaka mmoja uwe wa zaidi ya mwaka mmoja, na namba zake sita zitalazimika kukokotolewa upya.