Wito wa Makala na Meza za Kuluba: Historia ya Kualikana katika Taaluma ya Binadamu na Kompyuta

Katika taaluma ya kompyuta, tofauti na historia au tiba, sehemu kubwa ya maarifa mapya hutangazwa kwanza makongamanoni na si majaridani, na kwa sababu hiyo tangazo linalowaalika watafiti kupeleka kazi zao, liitwalo wito wa makala, lina uzito ambao msomaji aliye nje ya taaluma hiyo huenda asiutarajie. Wito hutaja mada, lugha, umbo la makala, tarehe ya mwisho na mahali pa kukutania, na anayeshindwa kutimiza sharti moja kati ya hayo hasomwi, hata akiwa na jambo zito la kusema. Historia ya mialiko hiyo katika Afrika Mashariki kwa kawaida husimuliwa kutoka Nairobi au Kampala, ilhali huonekana kwa uwazi zaidi ikitazamwa kutoka mahali kama Kuluba, gombolola (yaani eneo la utawala lililo chini ya wilaya) ya wilaya ya Koboko, katika kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda ambako nchi hiyo inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Taaluma inayohusika ni ile inayochunguza namna watu wanavyotumia kompyuta, simu na mashine nyingine za aina hiyo, na namna mashine hizo zinavyopaswa kusanifiwa ili zimfae mtumiaji badala ya kumlazimisha mtumiaji azifae zenyewe. Kongamano linalohesabiwa kuwa chimbuko lake lilifanyika mwezi Machi 1982 mjini Gaithersburg, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, likahudhuriwa na watu wapatao 900, na kutokana nalo likazaliwa kongamano la kila mwaka linalojulikana kwa jina la CHI. Miaka miwili baadaye, yaani 1984, shirikisho la kimataifa la vyama vya kompyuta, IFIP, lilianzisha London mfululizo wake wenyewe uitwao INTERACT. Wito wa miaka hiyo ulichapishwa katika majarida ya vyama vya kitaaluma na kusambazwa kwa posta, na kwa hiyo uliwafikia wale waliokuwa wamekwisha kuwa wanachama. Mwaliko, kwa maneno mengine, ulikwenda kwa waliokuwa tayari ndani ya nyumba.

Hilo halina maana kwamba Afrika Mashariki haikuwa na jambo la kuandika. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mfumo wa mashine uliokabidhiwa hesabu za Hazina kushindwa kazi na kuacha vitabu vya serikali katika mchafuko mkubwa. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mashine na ofisi ya watu kutoelewana, na uamuzi huo ulitangulia kongamano la Gaithersburg kwa miaka minane. Lakini wahasibu na makarani walioishi na mkasa ule hawakuwa na jukwaa lolote la kitaaluma lililowauliza walichokiona. Jukwaa la karibu lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, IFIP ilipounda kikundi cha kushughulikia athari za kijamii za kompyuta katika nchi zinazoendelea, kikundi ambacho kongamano lake la Mei 2019 lilifanyika Dar es Salaam. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini ambayo menyu na maelekezo yake yaliandikwa kwa Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Makerere cha Kampala kikaanza mwaka 2005 kuwaita watafiti wa kompyuta katika kongamano lake la kila mwaka.

Mwaliko wenyewe wa taaluma ya binadamu na kompyuta ulichukua muda zaidi kulifikia bara. INTERACT ilikutana Cape Town mwezi Septemba 2013, na mwishoni mwa mwaka huohuo akafariki Gary Marsden wa Chuo Kikuu cha Cape Town, mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ya kuwaonyesha wenzake wa Ulaya na Marekani kwamba simu ya mkononi ya Mwafrika ni somo kamili na si kiambatisho. Jina lake lilipewa mfuko ulioanzishwa kuwasaidia wanafunzi wa nchi zinazoendelea kulipia safari za kwenda makongamanoni. Kisha, tarehe 21 hadi 25 Novemba 2016, kongamano la kwanza la Afrika la taaluma hiyo, AfriCHI, lilifanyika Nairobi, mmoja wa waongozaji wake akiwa mtafiti Mkenya Kagonya Awori. Kwa mara ya kwanza wito wa taaluma hiyo uliandikwa kwa kudhani kwamba mwandishi wa makala anaishi Afrika, na kwamba mtafiti kutoka nje ndiye mgeni. La pili lilifuata Windhoek mwaka 2018, la tatu likapangiwa Maputo mwaka 2021, na la nne likafanyika East London, Afrika Kusini, mwaka 2023.

Miezi ileile ambayo Nairobi ilikuwa ikijiandaa kupokea wageni wake, West Nile, mkoa ambamo Koboko imo, ilikuwa ikipokea wageni wa namna nyingine. Vita vilivyofumuka upya Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, mwezi Julai 2016 vilienea hadi eneo la Yei, na watu wa huko, wengi wao wakiwa na jamaa upande wa Uganda, wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu. Makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, katika wilaya ya Yumbe inayopakana na Koboko, yalifunguliwa mwezi Agosti, na kufikia Desemba yalikuwa na wakimbizi wapatao 270,000 na hayakupokea tena wapya. Kwa mwaka mzima wa 2016 Uganda iliandikisha karibu nusu milioni ya watu kutoka Sudan Kusini. Kuluba, iliyo kando ya njia ya kutoka mpakani, ikawa na kituo cha kuwakusanyia waliovuka, ambako walipokelewa, wakapimwa afya na kusailiwa kwa mara ya kwanza kabla ya kupakiwa kwenye malori na mabasi kuelekea makazi ya wakimbizi kama Rhino Camp na Imvepi.

Mipaka hiyo haikuwa mipya kwa wenyeji, ingawa ilichorwa na wengine. Sehemu hiyo ya West Nile ilikuwa ndani ya Lado, ardhi aliyokodishwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikarudishwa Sudan mwaka 1910 baada ya kifo chake, na kuingizwa Uganda mwaka 1914, mwaka ambao Mwingereza A. E. Weatherhead alianzisha makao ya utawala Arua. Wakakwa, ambao ndio wengi Koboko, walijikuta wamegawanywa katika nchi tatu, na lugha zinazosikika sokoni hadi leo zinashuhudia hivyo: Kikakwa na Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Lingala, na Kiswahili kilicholetwa na askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, Wanubi na wafanyabiashara wa Kongo. Koboko yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi mwaka 2005 ilipopewa wilaya yake.

Mashine zilizowangoja wakimbizi baada ya Kuluba zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo maisha ya mtu yalipokutana na kompyuta bila hiari wala mazoezi. Uandikishaji wa kibayometria, yaani ule unaomtambua mtu kwa alama za mwili wake badala ya hati aliyoibeba, humtaka aliyekaa mbele ya meza aweke vidole vyote kumi juu ya kioo kidogo na kisha aangalie ndani ya kifaa kinachopiga picha ya mboni za macho. Mkono ulioshika jembe kwa miaka mingi huwa umelika kwenye ncha za vidole kiasi kwamba mashine hushindwa kuisoma mistari yake, na picha ya mboni huongezwa kwa sababu ya watu kama hao. Fomu inayojazwa kwenye skrini hudai tarehe kamili ya kuzaliwa kutoka kwa mama ambaye huhesabu umri wa wanawe kwa misimu na vita, na hudai pia jina la ukoo liandikwe katika nafasi yake, ilhali katika familia moja ya Wakakwa baba, mama na mtoto waweza kila mmoja kuwa na jina lisilofanana na la mwingine. Katikati ya mashine na mtu hukaa mkalimani, mara nyingi kijana wa palepale anayelipwa kwa siku, ambaye hutafsiri swali, hukisia mwaka, hupatanisha majina na kumwelekeza bibi namna ya kutuliza jicho. Ikiwa taaluma hii ina mafundi halisi katika West Nile, ni haki kusema kwamba wamo miongoni mwa wakalimani hao, ingawa wito wa makala kwa kawaida hauandikwi kwa kumfikiria mtu wa kazi hiyo.

Mfumo wa kompyuta ulithibitika kuwa na uzito wa kisiasa mapema mwaka 2018, yalipojitokeza madai kwamba idadi ya wakimbizi nchini Uganda ilikuwa imeongezwa. Kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo serikali pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, waliwahakiki wakimbizi wote upya kwa alama za vidole na mboni, na hesabu iliyokuwa imefikia milioni 1.4 ikashuka hadi takribani milioni 1.1. Hata baada ya hapo aliyekwisha kutambuliwa na kompyuta ya mgao wa chakula hakutambuliwa na kompyuta ya kampuni ya simu, kwa kuwa kanuni za kusajili laini zilidai kitambulisho cha taifa au pasipoti. Ilikuwa Agosti 2019 tu ndipo Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliporuhusu hati za wakimbizi zitumike, na hadi wakati huo mkimbizi aliyetaka kupokea fedha kwa simu alitegemea laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenyeji.

Yote hayo ni mambo ambayo kongamano kama la Nairobi au la Windhoek lingeyasikiliza kwa hamu. Kilichoyazuia ni masharti ya wito wenyewe, ambayo kila moja, likisomwa peke yake, linaonekana kuwa la haki. Makala huandikwa kwa Kiingereza cha kitaaluma, katika kiolezo maalumu, na kuanza na ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa hoja na matokeo. Husomwa na wataalamu wasiojua jina la mwandishi, na mwandishi naye huagizwa kufuta kila kitu kinachoweza kumtambulisha, agizo lililo jepesi kwa mtafiti wa mji wa watu milioni kumi na gumu kwa karani wa kituo kimoja cha mpakani, ambaye akitaja mahali amekwisha kujitaja. Tarehe ya mwisho huhesabiwa kwa saa ya magharibi kabisa ya dunia, ambako siku huchelewa kuisha kuliko popote, hivi kwamba usiku wa manane wa huko ni saa tisa alasiri ya kesho yake Koboko. Desturi hiyo ilibuniwa ili pasiwe na nchi inayopunjwa, na kwa hakika ni ya ukarimu, ila tu humfaa yule mwenye umeme na intaneti katika saa hizo za nyongeza. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, na ilitegemea mitambo yake ya dizeli hadi bwawa dogo la Nyagak, lenye uwezo wa megawati 3.5, lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2012. Chuo Kikuu cha Muni kilifunguliwa karibu na Arua mwaka 2013 na kuanza kufundisha masomo ya teknolojia ya habari, jambo lililoupatia mkoa huo wasomi ambao wito wa namna hiyo ungeweza kuwafikia nyumbani kwao.

Kutokuwa na uwiano katika taaluma hii kumepimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 juu ya makala za CHI za miaka 2016 hadi 2020 ulionyesha kwamba asilimia 73 ya matokeo yake yalitokana na watu wa nchi za Magharibi, ambao ni chini ya asilimia 12 ya wakazi wa dunia. Takwimu hiyo hutajwa sana kama ushahidi kwamba wanaochunguzwa ni wachache mno, lakini kwa eneo kama Kuluba shida iko upande wa pili: mkimbizi amechunguzwa, amehesabiwa na kupigwa picha kuliko jirani yake yeyote, na pengo lililobaki liko katika orodha ya waandishi.

Umbali wa kijiografia nao haukuwa sawa kwa wote. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda aliweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na kwa hiyo mhadhiri wa Arua aliyetaka kuhudhuria Nairobi mwaka 2016 alihitaji nauli, kiingilio na uvumilivu wa safari ya basi kupitia Kampala. Mkimbizi aliyeandikishwa wiki hiyohiyo alihitaji hati maalumu ya kusafiria ambayo kuipata ni kazi ya miezi. Janga la korona liliondoa sharti la safari, kwa kuwa kongamano lililopangiwa Maputo liliendeshwa kwa mtandao mwezi Machi 2021, miezi miwili baada ya Uganda kuzimiwa intaneti kwa siku tano wakati wa uchaguzi wa Januari. Gharama ikahama kutoka kwenye nauli kwenda kwenye bando, na mwezi Julai mwaka huo serikali ikaiondoa kodi ya shilingi 200 kwa siku, waliyokuwa wakitozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu 2018, na mahali pake ikaweka ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti, hata lile la kusalimia ndugu aliye ng'ambo ya mpaka.