Kabla Ndege Haijatua

Ukikaa Nairobi West, ndege ndogo za Wilson huachi kuzisikia, ila unaacha kuzihesabu. Baadhi yake hurudi na mtu aliyegongwa na lori huko kaskazini, au aliyepigwa risasi kwenye wizi wa mifugo. Stori hii huwa tunasimuliwa kama stori ya marubani. Kwangu mimi, nusu yake tamu iko chini, kwenye vumbi.

Shirika tunaloliita Amref lilianza mwaka wa 1957, likiwa kazi ya madaktari watatu wa upasuaji: Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kenya, Tom Rees, Mmarekani, na Archibald McIndoe wa New Zealand. Huyu McIndoe ndiye aliyewatibu marubani wa Uingereza walioungua kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Aligundua kwamba vidonda vya walioangukia baharini vilipona vizuri kuliko vya walioanguka nchi kavu, basi akaanza kuwalaza wagonjwa wake kwenye maji ya chumvi.

Sasa hebu fikiria mwaka wenyewe, 1957. Kenya ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Neno dharura halikumaanisha ambulensi. Lilimaanisha kipande, kafiu na kambi za vizuizini. Miaka michache tu nyuma, jeshi lile lile la anga lililompa McIndoe wagonjwa wake lilikuwa likidondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mtu wa huko akisikia ndege, hakukimbilia kiwanjani kuipokea. Hilo huwa halitajwi kwenye sherehe za kumbukumbu, na naona lingetajwa.

Wazo la daktari wa ndege lenyewe halikuwa geni. Australia ilianza mwaka wa 1928, mjini Cloncurry, jimbo la Queensland. Ndege ilipatikana, lakini je, mgonjwa aliye shambani, bila simu wala umeme, angeiitaje? Fundi mmoja, Alfred Traeger, akaunda redio inayopata umeme kwa kukanyagwa pedeli, kama cherehani ya fundi wa mtaani.

Na huku kwetu redio ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo. Muuguzi wa zahanati au hospitali ya misheni alibonyeza kitufe na kueleza: anapumua vipi, damu imetoka kiasi gani, mguu una joto au umepoa? Kisha mtu mwingine akatumwa kiwanjani kufukuza mbuzi na kufukia mashimo ya wanyama, maana ndege haitui juu ya ng'ombe. Giza likiingia, magari yalipangwa yamulike njia kwa taa zao. Majina ya watu hao huyapati kwenye vitabu.

Kutoka Wilson hadi Mandera ni kama kilomita 800 kwa njia ya anga. Hata ndege ya kasi ni zaidi ya saa moja, hapo simu ishapokelewa na rubani yuko tayari. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kuisha kwa dakika chache tu. Hesabu hiyo ndege haiiwezi, hata uinunue ya bei gani.

Binamu yangu alikuwa turnboi wa lori la kwenda Moyale. Lilipopinduka, bati lilimkata paja. Mtandao hakuna, na siku hiyo hakuna ndege iliyokuja. Mama aliyekuwa akiuza chai kando ya barabara alivua leso, akaifunga juu ya jeraha, akaikaza kwa kijiti na kukishikilia hadi lori jingine likatokea, kisha akapanda nalo mpaka hospitali. Mwaka uliofuata binamu alimpelekea leso mbili mpya. Mama akazipokea, akamuuliza kama atakunywa chai.