Kupanda Upya Baada ya Mafuriko: Hoja ya Siku Zilizobaki Songea

Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba na kwisha mnamo Aprili. Mahindi yakizama Januari, mkulima wa Songea hana masika mengine ya kumfidia, na ndiyo maana hushawishika kupanda upya mara tu anapoona maji yametuama. Makala haya yanatetea msimamo kwamba uamuzi huo upimwe kwa siku za mvua zilizobaki, si kwa uchungu wa hasara iliyokwisha kutokea.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kama zao limekufa. Udongo uliofunikwa na maji huishiwa oksijeni ndani ya takriban siku 2. Hata hivyo, mahindi yasiyozidi majani 5 au 6 huwa na kiini cha ukuaji kilicho bado ardhini, na maji yakiondoka mapema huweza kuchipua tena. Siku 3 hadi 5 baada ya maji kupungua, mkulima ang'oe miche kadhaa na kuipasua shina: kiini cheupe na kigumu kiko hai, cha kahawia na kilicholainika kimeoza. Majani ya manjano peke yake si dalili ya kifo. Mara nyingi nitrojeni imesombwa na maji au imepotea hewani, na mbolea ya kukuzia hurekebisha hali hiyo udongo ukishapitisha hewa.

Wapo watakaosema kwamba kungoja ni kupoteza msimu. Hoja hiyo ina uzito, lakini jembe likiingia kwenye tope hushindilia udongo, na mbegu iliyofukiwa humo huoza. Udongo ukifinyangika mkononi bila kumeguka, shamba bado halijawa tayari.

Ikithibitika kuwa miche imekufa, kalenda ndiyo iamue. Mahindi ya muda mrefu, yanayopendwa nyanda za juu kusini, huchanua baada ya miezi 2 na zaidi. Yakipandwa mwishoni mwa Januari, yatachanua Aprili mvua ikiaga, yaani katika hatua ambayo ukame huumiza mavuno kuliko hatua nyingine yoyote. Hapo mbegu ya muda mfupi ina nafasi bora. Ikifika Machi, busara ni kuacha mahindi na kupanda maharage, au viazi vitamu kwenye matuta.

Wamatengo wa Mbinga, katika mkoa huohuo, wanatuonyesha kwamba mpango wa namna hii si mgeni. Katika kilimo chao cha ngoro, nyasi hulazwa kwa miraba kwenye mteremko na kufunikwa udongo, mashimo yakabaki katikati kuzuia mmomonyoko. Maharage hupandwa karibu na Machi, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Udhibiti wa maji na zamu ya mazao vimeshaamuliwa kabla mvua kubwa haijafika.

Hata hivyo, ujuzi wa mkulima haufiki mbali ikiwa mbegu ya pili haipatikani. Mfumo wa ruzuku ya pembejeo utenge akiba ya mbegu za muda mfupi na za maharage, ipatikane Januari na Februari, na maofisa ugani waitangaze sambamba na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Bila akiba hiyo, kumshauri mkulima abadilishe zao ni kumwachia mzigo asioweza kuubeba peke yake.