Lango la Matete: Bujjabukula na Dai kwamba Walikale Haina Majengo ya Urithi

Kongo ina maeneo matano katika Orodha ya Urithi wa Dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi. Yote ni ya maumbile. Nyanda za chini za Kahuzi-Biega zinaingia wilaya ya Walikale, mashariki mwa Kongo, kwa hiyo sehemu ya msitu wetu imo orodhani tangu 1980. Nyumba, hakuna hata moja. Sababu inayotolewa ni kwamba watu wa msituni walijenga kwa miti na majani, vitu visivyodumu, hivyo urithi wao utafutwe katika ngoma na masimulizi. Napinga, na shahidi wangu ni nyumba ya lango.

Huko Kasubi, Kampala, Kabaka (mfalme) Mutesa I wa Buganda alijenga kasri mwaka 1882, nalo likageuka makaburi ya wafalme alipofariki 1884. Mgeni huingia kwa kupitia Bujjabukula: nguzo za miti, kuta za matete yaliyosukwa, paa la nyasi. Humo walikaa walinzi waliosimamia maingilio. Mbele yake kuna ua mdogo wenye nyumba ya ngoma, Ndoga-Obukaba, ndipo ufike kiwanja kikubwa. Wanaoandika kuhusu Kasubi hukimbilia kuba la Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi, na kulipita lango kwa sentensi mbili. Wanakosea. Kuba linatangaza ukuu, ilhali lango linaeleza utawala ulivyofanya kazi: nani angoje, wapi, na kwa ruhusa ya nani. Mpangilio huo haukuhitaji jiwe hata moja.

Wala ugumu wa vifaa si kinga. Kuba hilo lilitiwa zege na chuma mwishoni mwa miaka ya 1930, na bado liliteketea tarehe 16 Machi 2010. Lilijengwa upya kwa sababu ufundi wa kuezeka ulikuwa hai, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Nitaambiwa Buganda ilikuwa dola, na Walikale ni sekta mbili tu, Bakano na Wanianga. Hoja hiyo ni nyepesi. Utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke wa Wanyanga, watu wa Walikale hiyohiyo, na kurekodiwa 1956, unaanza kwa kutaja mahali saba pa watu kukutania katika kijiji cha chifu Shemwindo. Msimulizi aliona hapo ndipo kijiji kinapojulikana. Barza ya leo, kibanda kisicho na kuta ambamo mgeni hupokelewa na magomvi husikilizwa, inafanya kazi ileile ya Bujjabukula. Kwamba vita vimewatawanya wajenzi ni kweli, na ni sababu ya kuharakisha.

Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ianze orodha ya majengo ya Walikale kwa barza: nani hukata nguzo, nani huezeka, mgeni huketi upande gani. Wazee wanaoyajua hayo waulizwe sasa, hata kama wako katika kambi za waliokimbia vita.