Mwacha Asili: Kutafuta Nasaba za Jamaa za Waislamu wa Bujumbura

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Neno hili husemwa sana mabarazani, lakini si wengi walipimao. Kwa Mwislamu kuijua asili si jambo la majivuno. Mtume Muhammad (s.a.w.) alihimiza watu wajifunze nasaba zao kwa kadiri ya kuwawezesha kuunga udugu wao, na hiyo ndiyo haja yenyewe. Asiyewajua ndugu zake hawezi kuwaunga. Tena mirathi haigawanywi kwa haki ila kwa kujua nani ni nani kwa marehemu, wala ndoa haiwi salama ila kwa kujua nani ni maharimu wa nani, kwa damu au kwa kunyonya.

Katika mji wa Bujumbura kazi hii ina ugumu wake, kwa kuwa jamaa za Buyenzi na Bwiza zilitoka pande nyingi. Wako wenye asili ya Umanyema, wengine Unyamwezi, Ujiji, Mrima, Unguja, Arabuni na Bara Hindi. Na wako Warundi wa nchi hii tangu kale, ambao wazee wao waliipokea dini hapa hapa. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji, na wasafiri Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta Waarabu na Waswahili wamekwisha watangulia. Ng'ambo ya ziwa, Kasongo katika Umanyema ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Na huko Ujiji mwenye nguvu alikuwa Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia watu wa misafara wasiitawale Urundi, kwa hiyo makazi yao yalikuwa zaidi kandokando ya ziwa. Vita vya Waarabu na Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold, tangu 1892 hata 1894, vikawatawanya watu wengi wa Umanyema.

Kisha Wadachi, yaani Wajerumani, walijenga boma Usumbura, na pamoja nao wakaja askari, wapagazi, wakalimani na wachuuzi waliosema Kiswahili. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliutwaa mji mwaka 1916. Nchi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Usumbura ikaitwa Bujumbura. Basi mzee mmoja aliweza kuzaliwa zama za misafara, akafanya kazi chini ya Wadachi, akaozesha binti zake chini ya Wabelgiji, akazikwa katika Burundi huru, naye hakuondoka kando ya ziwa maisha yake yote. Kila serikali ilimwandika kwa namna yake, na mjukuu amtafutaye huona kama watu watatu, kumbe ni yeye yule mmoja.

Kwa sababu hiyo, mwenye kutafuta huanza kwa vinywa vya wazee kabla ya karatasi. Karatasi iliyosubiri miaka 80 yaweza kusubiri mwezi mmoja zaidi, lakini mzee hana ahadi hiyo. Tena ni kosa kuwauliza wanaume peke yao. Mara nyingi bibi ndiye ajuaye nani alimnyonyesha mtoto wa nani, na nani alilelewa nyumbani akaitwa mwana ingawa hakuzaliwa humo. Maswali yafaayo ni mepesi: Nani alimsomesha Qurani? Nani alikuwa walii wake alipoolewa? Alipofariki, nani alimwosha, na nani aliteremka kaburini? Katika majibu ya maswali hayo mna majina ya jamaa ambayo swali la kabila halingeyatoa kamwe. Nayo yaandikwe kama yalivyosemwa, pasipo kusahihishwa.

Baada ya vinywa huja karatasi, na zilizo bora aghalabu zimo ndani ya nyumba yenyewe: cheti cha ndoa, chenye jina la walii, mashahidi wawili na mahari, stakabadhi za kodi, vitambulisho vya zamani, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kurasa za mwisho za msahafu, ambamo baba waliandika tarehe za kuzaliwa watoto. Tarehe hizo mara nyingi ni za Hijra. Mwaka 1300 wa Hijra ulianza Novemba 1882, na kila miaka 33 ya Hijra ni sawa na miaka 32 hivi ya Miladi. Asiyeijua hesabu hii humwongezea babu yake umri asioufikia.

Karatasi za serikali zimetawanyika. Majalada ya Wadachi yako Dar es Salaam na Berlin; ya Wabelgiji mengi yako Brussels, na katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na mji huo, zimehifadhiwa nyaraka na picha nyingi za nchi hizi. Azisomaye hana budi kukumbuka kwamba ziliandikwa na mtu aliyesikia kwa sikio la kigeni. Shabani wa Mdachi ni Schabani, na wa mwandishi wa Kifaransa aweza kuwa Chabani. Juma huwa Djuma. Mwaka wa kuzaliwa uliandikwa kwa kukadiria uso. Na kabila liliandikwa kwa neno moja lililomtosha karani: aliyetoka ng'ambo ya ziwa aliitwa Mmanyema, ingawa Umanyema ni nchi yenye makabila mengi, na Mwislamu wa mjini aliitwa Mswahili, hata kama mama yake ni Mrundi na baba yake Mnyamwezi. Mwandishi aliandika alichotaka kujua yeye, yaani nani atatoa kodi na nani atabeba mzigo.

Picha nazo zina elimu yake. Askari mwenye nembo ya tai kofiani ni wa Wadachi, kwa hiyo picha hiyo haikupigwa baada ya Vita Kuu ya kwanza. Maandishi ya kanga za zamani yalikuwa ya herufi za Kiarabu, na baadaye yakawa ya Kizungu. Hilo nalo husaidia kukisia wakati. Nyuma ya picha huonekana pengine muhuri wa mpiga picha, au jina lililoandikwa kwa kalamu ya risasi. Lakini picha hudanganya kwa heshima. Kanzu na joho vyaweza kuwa vya kuazima, na watu waliosimama pamoja si lazima wawe ndugu. Picha nyingi zilizopigwa na Wazungu zina jina la kabila chini yake wala hazina jina la mtu, kana kwamba yule mama hakuitwa chochote na mzazi wake. Kazi ya jamaa ni kumrudishia jina lake maadamu yuko hai ajuaye kulitaja. Leo picha yaweza kunakiliwa kwa simu katika dakika moja. Jina la aliyemo ndani yake halinakiliwi ila kwa kuuliza.

Shahidi wa tatu ni kaburi, naye ndiye mwenye maneno machache kuliko wote. Wanazuoni hawakupenda makaburi yajengwe wala yaandikwe, na wazee walilifuata hilo. Kwa hiyo makaburi mengi ya Waislamu hayana jina. Hata hivyo si mabubu kabisa. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipomzika Uthman bin Madh'un aliweka jiwe kichwani pake, apate kulitambua kaburi hilo na kuwazika karibu naye wafao katika jamaa zake. Basi jiwe tupu linatosha, na kaburi la jirani ni habari: waliolazwa pamoja mara nyingi walikuwa pamoja. Hapa Bujumbura, ambako kibla kiko kaskazini na kuelekea kidogo mashariki, kaburi hulala kwa urefu wake karibu toka mashariki hata magharibi, kichwa kikiwa upande wa mashariki. Mwenye kuzuru hufuatana na mzee aliyehudhuria maziko, huwatolea salamu wenyeji wa pale, huwaombea, hakanyagi wala hakalii kaburi, wala hafukui kitu kwa ajili ya kutaka kujua. Kisha huchora ramani ndogo ya safu na majina, kwa kuwa mzee huyo akifariki mawe yale yatakuwa mawe tu.

Hapo ndipo linapokuja jambo zito, ambalo kwa ajili yake watu wengine huona ni heri kutotafuta. Katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi utumwa haukukomeshwa kwa siku moja. Serikali yao ilitoa barua za uhuru kwa mtu mmoja mmoja. Ikaamuru mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Na huko Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Jamaa iliyotoka Ujiji au Tabora yaweza kuikuta barua ya namna hiyo yenye jina la babu. Yaweza pia kukuta kwamba babu huyo aliitwa bin Abdallah, ikamtafuta huyo Abdallah miaka mingi bila ya kumpata. Kumbe ni desturi ya Kiislamu, mtu asiyejulikana babaye kuitwa mwana wa mja wa Mwenyezi Mungu, na mtoto aliyetekwa akiwa mdogo hakuwa na wa kumtajia jina la baba yake.

Mwenye kuona haya kwa habari hiyo na amkumbuke Zaid bin Haritha. Alitekwa utotoni, akauzwa, akafika katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), akaachwa huru, na watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Kisha ikateremka amri katika Sura ya Al-Ahzab kwamba watu waitwe kwa baba zao, naye akarudishiwa jina la Haritha. Na katika aya hiyo hiyo Mwenyezi Mungu hakuwaacha wale ambao baba zao hawajulikani: aliwafanya kuwa ndugu katika dini. Basi nasaba ikijulikana ni haki ya mtu aitwe kwayo. Isipojulikana hapunguki kitu.

Na karatasi ile yaweza kuwa na majina mawili, la aliyeachwa huru na la aliyemwacha, na wajukuu wa wote wawili leo husali safu moja. Kwa mmoja ni habari ya dhuluma aliyotendewa babu yake. Kwa mwingine ni habari ya dhuluma aliyoitenda wake. Hapana kati yao aliyeichagua. Lakini atakayeichukua habari hiyo barazani akavunjie posa ya kijana, au akamtukanie jirani mama yake, huyo ameitumia elimu ya kuunga udugu kwa kuukata.

Sasa neno la wahenga laweza kupimwa vizuri. Mtoto aliyechukuliwa kwao kwa mnyororo hakuiacha asili yake, alinyang'anywa. Aiachaye ni mjukuu aijuaye akaificha, au aliyeweza kuuliza asiulize mpaka wenye kujua wakazikwa. Ghasia za mwaka 1972 na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwafanya wengi wakimbie bila ya sanduku la karatasi, na vilivyosalia si vingi. Kila nyumba na iwe na daftari moja la majina, tarehe, makaburi na picha, lisomwe mbele ya wazee wawili, na nakala yake iwekwe kwa ndugu wa mji mwingine.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, waliojulikana majina yao na wasiojulikana, kwani Yeye anawajua wote. Amin.