Vyura Waliovalishwa Suruali

Ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari mimba hutungwaje, atakujibu haraka: mbegu ya kiume inakutana na yai. Jibu fupi kabisa. Lakini lilichukua karibu miaka 200 kupatikana, na kuna mtu alilishika mkononi akaliachia.

Mwaka 1677, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alitazama manii kwa hadubini yake akaona vijidudu vyenye mikia vikiogelea. Vina kazi gani? Wengi walidhani ni vimelea tu, kama minyoo ya tumboni.

Miaka 100 hivi baadaye, padri Mwitalia, Lazzaro Spallanzani, akawageukia vyura. Alichagua vizuri. Kuku na mbwa hurutubisha mayai ndani ya mwili, huwezi kuchungulia. Chura hufanya mambo hadharani: dume humkumbatia jike, jike anataga majini, dume anayamwagia mayai mbegu.

Basi Spallanzani akawashonea madume visuruali vya kubana. Ndiyo, suruali! Madume waliendelea kukumbatia kama kawaida, ila mayai yakaharibika. Kisha akachukua matone yaliyobaki ndani ya suruali, akayagusisha kwenye mayai mengine. Wakatoka viluwiluwi. Baadaye akampandikiza mbwa jike mbegu kwa bomba, na siku 62 zilipopita wakazaliwa watoto watatu.

Sasa angalia hapa. Spallanzani pia aliyachuja manii kwa karatasi. Majimaji yaliyochujwa vizuri hayakurutubisha kitu, lakini mabaki ya kwenye karatasi, yakisuuzwa majini, yalirutubisha. Ushahidi uko mezani! Yeye hakuupokea. Aliamini mnyama mzima tayari yumo ndani ya yai, na majimaji ya dume humwamsha tu. Vile vijidudu, kwake, havikuhusika.

Mwaka 1824, Prévost na Dumas walirudia kazi ya kuchuja wakasema wazi: mbegu ndizo zinazorutubisha. Mwaka 1827, Karl Ernst von Baer akaliona yai la mbwa. Hatimaye mwaka 1876, Oscar Hertwig, akitumia mayai maangavu ya kiumbe wa baharini mwenye miiba, akaeleza jinsi kiini cha mbegu na kiini cha yai vinavyoungana kuwa kimoja. Baba na mama, wote wana mchango.

Kwa hiyo siku matokeo yako ya maabara yatakapopingana na nadharia uliyoizoea, usikimbilie kulaumu kifaa. Mkumbuke padri wa vyura: jaribio lilimjibu, ila alikuwa na jibu lake tayari.